MADAFTARI MAWILI, HESABU MOJA
Ufanisi wa Mitambo na Hifadhi ya Mazingira katika Viwanda vya Vipuri vya Magari

Katika mafunzo yetu na wafanyakazi wa viwandani, swali moja hurudi mara kwa mara: kiwanda kinachopigania kuongeza uzalishaji kinawezaje wakati huo huo kutunza mazingira? Wanaouliza hivyo huyaona mambo haya kama mafahali wawili wasioweza kukaa zizi moja. Husema: tuzalishe kwanza, usafi utafuata tukishakuwa na uwezo. Wapo na wengine ambao hulikabidhi suala la mazingira kwa ofisa mmoja, ambaye huandika taarifa mara moja kwa mwaka, huku mashine zikiendelea kuvuja kama zilivyokuwa zikivuja mwaka uliotangulia.

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kasoro ya fikra zote mbili. Tutachukua mfano wa viwanda vya vipuri vya magari, yaani viwanda vinavyotengeneza alternata, rejeta, breki, giaboksi, betri na vitu vingine ambavyo pasipo hivyo gari ni sanduku la bati tu. Tumevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake zimo kazi karibu zote za uhandisi: kuyeyusha na kumimina madini, kukereza, kutoboa, kuchomelea, kupaka rangi na kuchovya. Pili, ni katika viwanda hivi, huko Japani, ambako njia ya kupima na kuinua ufanisi wa mitambo ilipata sura inayojulikana leo duniani.

MAANA YA UFANISI WA MTAMBO

Hatuna budi kuanza na maana. Watu wengi husema mtambo una ufanisi maadamu unanguruma. Hilo si kweli. Mtambo unaweza kunguruma kutwa nzima ukitoa moshi, joto na takataka. Ufanisi hupimwa kwa bidhaa nzuri zilizotoka, zikilinganishwa na zile ambazo zingetoka kama muda wote uliopangwa ungetumika sawasawa.

Tutoe mfano wa darasani. Mashine ya kumimina alumini katika kalibu inatengeneza maganda ya alternata. Zamu ni ya saa 8, yaani dakika 480. Tukiondoa dakika 30 za mapumziko, zinabaki dakika 450 za kazi. Kwa uwezo wake mashine hutoa ganda moja kila dakika. Sasa tutazame lililotokea katika zamu hiyo:

(a) Mashine iliharibika kwa dakika 50, na kubadilisha kalibu kulichukua dakika 40. Kwa hiyo ilifanya kazi dakika 360 badala ya 450. Hiyo ni asilimia 80.

(b) Katika dakika hizo 360 ilitoa maganda 270 badala ya 360, kwa sababu iliendeshwa polepole na ilisimamasimama. Hiyo ni asilimia 75.

(c) Katika maganda 270, mazuri yalikuwa 243. Mengine 27 yalikuwa na matundu na nyufa. Hiyo ni asilimia 90.

Tukizidisha viwango hivi vitatu kimoja kwa kingine tunapata asilimia 54. Hesabu hiyo yaweza kuhakikiwa kwa njia ya mkato: maganda mazuri 243 kati ya 450 yaliyowezekana ni asilimia 54. Tazama jinsi viwango vyenyewe, kila kimoja peke yake, visivyotisha. Msimamizi akisikia asilimia 80, 75 na 90 anaweza kulala usingizi mnono. Lakini vikiunganishwa vinasema kwamba karibu nusu ya uwezo wa mashine imepotea.

Mhandisi Seiichi Nakajima wa Taasisi ya Japani ya Utunzaji wa Mitambo, ambaye ndiye aliyeieneza hesabu hii, aliugawa upotevu huo katika mafungu sita: kuharibika kwa mashine, muda wa kubadilisha kalibu na kurekebisha, visimamo vidogo vidogo, mwendo ulio chini ya uwezo, bidhaa mbovu, na hasara ya mwanzo wa kazi kabla mashine haijatulia. Lengo alilolitaja kwa kiwanda kilichojipanga vizuri ni asilimia 90 ya muda, asilimia 95 ya mwendo na asilimia 99 ya ubora, ambazo kwa pamoja ni kama asilimia 85.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faida ya kwanza ya hesabu hii ni hiyo hasa: upotevu uliokuwa hauna jina sasa una jina, na mahali pake panajulikana.

FUNZO LA NIPPONDENSO, 1971

Mitambo ya Japani haikutunzwa hivi tangu zamani. Utaratibu wa kuihudumia kabla haijaharibika uliingia nchini humo kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chini ya utaratibu huo mwendeshaji aliendesha na fundi alitengeneza. Kazi zilitenganishwa kwa ukuta. Mwendeshaji aliyesikia beringi ikilia hakuwa na jukumu lolote ila kungoja ikatike, kisha amwite fundi.

Kiwanda cha Nippondenso, kilichojitenga na Toyota mwaka 1949 na ambacho tangu 1996 kinaitwa Denso, kilikuwa kikitengeneza vifaa vya umeme vya magari. Mashine zinazojiendesha zilipoongezeka, ukuta ule uligeuka kuwa kikwazo. Mafundi hawakutosha kuzihudumia mashine zote, na waendeshaji waliokuwa nazo saa zote hawakuruhusiwa kuzigusa. Huu ulikuwa ukinzani halisi ndani ya uzalishaji: nyenzo zilikuwa zimekua, lakini mpangilio wa kazi ulikuwa umebaki nyuma.

Jibu lilikuwa kubadili mpangilio wenyewe. Utunzaji wa kila siku, yaani kusafisha, kutia mafuta na grisi, kukaza nati na kukagua, ulikabidhiwa kwa waendeshaji walioungana katika vikundi vidogo. Mafundi walibaki na kazi nzito zaidi: matengenezo makubwa, na kuirekebisha mashine ili ugonjwa wake usirudi. Mwaka 1971 Nippondenso ilitunukiwa tuzo ya utunzaji wa mitambo, na tangu hapo utaratibu huo ukajulikana kuwa ni utunzaji unaowahusisha watu wote, kuanzia meneja hadi mwendeshaji.

Hatua ya kwanza ya utaratibu huu ni kusafisha. Wapo wanaoidharau wakidhani ni kazi ya ufagio. Maana yake ni kubwa zaidi. Mtu anayeifuta mashine kwa mkono wake hukuta nati iliyolegea, ufa mwembamba, bomba lenye jasho la mafuta, beringi iliyo moto kupita kiasi. Kusafisha ni kukagua.

Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi katika makala haya. Baada ya kusafisha, kikundi hujiuliza: uchafu huu unatoka wapi? Hapo wafanyakazi hawaridhiki kufuta mafuta yaliyomwagika sakafuni kila asubuhi. Huifuata njia ya mafuta mpaka kwenye sili iliyochakaa, wakaibadilisha. Huzifuata chembe za chuma mpaka mahali zinaporukia, wakaweka kinga. Swali hilo la kiwandani, "uchafu unatoka wapi?", ndilo swali la kwanza la hifadhi ya mazingira.

DAFTARI LA PILI

Sasa turudi kwenye ile zamu ya maganda 243, tufungue daftari la pili, yaani daftari la mazingira.

Kando ya mashine ya kumimina kuna tanuri dogo ambalo kazi yake ni kuitunza alumini iliyokwisha yeyushwa isigande. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi, kwa hiyo tanuri hilo halina budi kukaa na joto zaidi ya hapo zamu nzima. Mashine ikisimama, tanuri halisimami. Tuseme linachoma lita 81 za mafuta kwa zamu. Lita 81 kwa maganda 243 ni theluthi moja ya lita kwa kila ganda zuri. Sasa tuseme kikundi kimepunguza kuharibika, kimefupisha muda wa kubadilisha kalibu na kupunguza bidhaa mbovu, hata ufanisi ukapanda kutoka asilimia 54 hadi 72. Maganda mazuri yatakuwa 324. Mafuta ya tanuri hilo ni yale yale lita 81, lakini sasa kila ganda limegharimu robo lita. Hakuna tanuri jipya lililonunuliwa. Kilichobadilika ni utunzaji.

Na yale maganda 27 mabovu? Yatarudishwa kuyeyushwa. Ni kweli kwamba kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika huhitaji kiasi cha asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuipata alumini mpya kutoka katika mawe yake, na kwa sababu hiyo kuokoa chakavu ni jambo jema. Hata hivyo ganda bovu limeyeyushwa mara mbili ili litumike mara moja, na kila mara sehemu ya madini huungana na hewa ikawa takataka inayoelea juu na kuenguliwa. Chakavu bora ni kile ambacho hakikuzaliwa.

Tutazame mifano mingine mitatu inayopatikana karibu katika kila karakana.

Kwanza, hewa ya kompresa. Tundu la milimita 3 tu katika bomba lenye mgandamizo wa bari 7 hupoteza hewa ambayo kompresa hutumia kilowati 3 au zaidi kuitengeneza. Katika kiwanda cha zamu tatu kinachofanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, tundu hilo moja hula yuniti 18,000 za umeme. Hakuna anayeliona kwa sababu hewa haina rangi. Lakini mashine zikizimwa na kompresa ikaachwa iwake, karakana ikiwa kimya, kila tundu litajitaja lenyewe kwa mlio wake.

Pili, maji ya kupoozea chuma kinapokerezwa. Maji haya huchanganywa na mafuta maalumu. Sili ya mashine ikichakaa, mafuta ya mtambo huvujia ndani yake, vijidudu huzaliana, maji hunuka na kuoza. Mfanyakazi anayeshinda mikono yake ikiwa ndani ya maji hayo hupata ugonjwa wa ngozi. Kiwanda hulazimika kuyamwaga kabla ya wakati wake na kununua mengine. Tazama mlolongo ulivyo: sili moja ndogo imezaa bidhaa zenye kasoro, gharama, ugonjwa na maji machafu.

Tatu, kisu butu cha mashine ya kukereza. Kisu butu hutaka nguvu zaidi, hutoa joto zaidi, huharibu uso wa kipuri na kuchosha beringi za mashine. Anayechelewa kukinoa kwa kuokoa dakika kumi hulipa mara nne: umeme, kipuri, beringi na muda.

Mifano yote hii inathibitisha kanuni moja. Moshi, mafuta yaliyomwagika, chakavu na maji yaliyooza si vitu vilivyotoka mbinguni. Ni malighafi na nishati iliyonunuliwa kwa fedha, ikashindwa kuwa bidhaa. Daftari la ufanisi huiita hasara, na daftari la mazingira huiita uchafuzi. Madaftari ni mawili, lakini sehemu kubwa ya hesabu yake ni moja.

Historia ya Japani yenyewe inatufundisha. Taifa hilo lililipia vibaya fikra ya "tuzalishe kwanza". Katika mji wa Minamata, ugonjwa ulioripotiwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali, na serikali ilichelewa hadi mwaka 1968 kukiri chanzo hicho. Hasira ya wananchi ilipozidi, Bunge la Japani lilipitisha mwaka 1970 sheria 14 kuhusu uchafuzi, na mwaka 1971, mwaka ule ule wa tuzo ya Nippondenso, serikali ikaunda Idara ya Mazingira. Kisha bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, na mwaka 1979 ikatungwa sheria ya matumizi bora ya nishati. Hivyo sheria ilibana upande mmoja na bei ya mafuta upande mwingine. Kiwanda kilichokuwa kimekwisha wafundisha waendeshaji wake kutafuta chanzo cha kila uvujaji kilikuwa na silaha tayari mkononi.

MIPAKA YA HESABU

Lakini tungekuwa tunadanganya kama tungeishia hapo. Kila kipimo kina mipaka yake, na kada asiyeijua mipaka ya kipimo hugeuka kuwa mtumwa wake.

Mpaka wa kwanza ni udanganyifu wa takwimu. Meneja anayetaka asilimia nzuri anaweza kuandika muda wa mashine kuharibika kuwa ni "mapumziko yaliyopangwa". Anaweza pia kuendesha mashine usiku na mchana akijaza ghala vipuri ambavyo hakuna aliyeviagiza. Ufanisi wa mashine utapanda karatasini, na wakati huo huo alumini, umeme na mafuta vitakuwa vimegeuzwa kuwa kutu ghalani. Bidhaa isiyohitajika ni takataka iliyopangwa vizuri. Kwa hiyo hesabu ya mashine isisomwe kamwe bila hesabu ya mahitaji.

Mpaka wa pili unahusu mtu. Kuinua mwendo wa mashine na kuinua mwendo wa mtu ni mambo mawili tofauti. Mwandishi Satoshi Kamata aliajiriwa kama kibarua wa msimu katika kiwanda cha Toyota mwaka 1972, akiunganisha giaboksi. Kitabu alichokitoa mwaka 1973 kilieleza kwa kirefu uchovu, ajali na upweke wa wafanyakazi waliokuwa wakikimbizwa na mstari wa kazi. Nchi ni ile ile na miaka ni ile ile ya sifa za Nippondenso. Funzo ni kwamba mwendeshaji akiongezewa jukumu la kutunza mashine bila kuongezewa muda, elimu na mamlaka, hajashirikishwa. Ameongezewa mzigo tu. Utunzaji unaowahusisha wote una masharti matatu: dakika za kusafisha na kukagua ziwe ndani ya saa za kazi, mwendeshaji afundishwe mashine yake inavyofanya kazi, naye awe na haki ya kuisimamisha anapoona hatari. Pakikosekana hata sharti moja, tumerudi katika unyapara uliovaa nguo mpya.

Mpaka wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao ni sumu. Tumesema kwamba sehemu kubwa ya hesabu ni moja. Hatukusema yote. Mashine inayofanya kazi yenye sumu, ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, itatoa sumu kwa ufanisi wa asilimia 85. Vipuri vya magari vina historia ndefu ya sumu: asbesto katika breki, aina kali ya kromi katika machovyo ya kung'arisha chuma, na risasi katika betri. Sumu kama hizi haziondoki kwa grisi na ufagio. Asbesto ilibidi ibadilishwe kwa malighafi nyingine. Umoja wa Ulaya ulitunga mwaka 2000 sheria kuhusu magari yaliyokwisha muda wake, iliyopiga marufuku risasi, zebaki, kadmi na kromi hiyo kali katika magari mapya kuanzia tarehe 1 Julai 2003, isipokuwa katika matumizi machache yaliyotajwa, betri zikiwa mojawapo. Hapo kilichofanya kazi ni uamuzi wa jamii kupitia sheria. Soko peke yake halikuwa limefanya hivyo.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kuona gharama ya kuukosa uamuzi huo. Betri ya gari ikifa, risasi yake huyeyushwa ili itengeneze betri nyingine. Kwa maneno matupu hii ni kazi njema, kwani ni kutumia tena kilichokwisha tumika. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake yaliingia katika makazi ya watu yaliyopakana nacho, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na hasara hiyo hairekebishiki. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano ya wakazi. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Wazee husema mchuma janga hula na wa kwao. Owino Uhuru aliyechuma hakuwa ndiye aliyekula. Faida iliandikwa katika daftari la kiwanda, na hasara ikaandikwa katika damu ya watoto wa jirani, mahali ambapo mhasibu hafiki. Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini madaftari lazima yawe mawili, na kwa nini daftari la pili haliwezi kuachwa mikononi mwa mwenye kiwanda peke yake. Pale hesabu mbili zinapokubaliana, mfanyakazi na meneja wanaweza kuzifanya pamoja. Pale zinapogombana, hapana budi umma, sheria na vyombo vyake viingilie kati.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Wengine watasema haya ni mambo ya Japani yenye viwanda vikubwa, na sisi tuna karakana tu. Tunajibu kwamba aliye na kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na upotevu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, viwanda vingi vya Tanzania vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake kwa kukosa fedha za kigeni za vipuri na malighafi. Aliyeishi miaka hiyo anajua beringi moja iliyokatika kwa kukosa grisi ilivyoweza kuifungia mashine miezi mingi. Na leo, katika mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na katika gereji zetu za mijini, wapo mafundi wanaosubu, wanaokereza bushi, wanaokunja upya springi za malori na kuchomelea egzosi. Hao ni watengenezaji wa vipuri. Hesabu tuliyoieleza inawahusu wao kama ilivyowahusu wa Nippondenso.

Kazi hiyo inaweza kuanza kesho asubuhi bila kungoja mfadhili:

1. Kila mashine iwe na daftari lake. Yaandikwe mambo manne tu kila zamu: dakika ilizosimama na sababu yake, idadi ya vipuri vilivyotoka, vilivyo vizuri, na mafuta au umeme uliotumika. Daftari hilo lisomwe na wafanyakazi wote. Lisifungiwe kabatini.

2. Zitengwe dakika za kusafisha na kukagua ndani ya saa za kazi, na mwendeshaji afundishwe anachokitafuta.

3. Kila uchafu ufuatwe hadi chanzo chake. Kabla ya kununua vumbi la mbao la kunyonyea mafuta sakafuni, inunuliwe sili.

4. Mara moja kwa mwezi mashine zizimwe, kompresa iachwe iwake, na matundu ya hewa yatafutwe kwa sikio, yatiwe alama na kuzibwa.

5. Mafuta machafu, tindikali ya betri na maji ya machovyo yakusanywe katika vyombo vyenye alama. Kuyamwaga mtaroni si kuyatupa, bali ni kumpelekea jirani.

6. Vitu vyenye sumu vitajwe kwa majina mbele ya wafanyakazi wote, nao wajue haki zao. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo ni karatasi tu.

Katika kuyatekeleza haya, kiongozi atajulikana kwa jambo moja: jinsi anavyompokea mfanyakazi anayekuja kusema mashine yangu inavuja. Kama atamwambia arudi kazini kwa sababu malengo ya mwezi hayajatimia, basi amechagua kulipa baadaye, na kulipa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama atasimama, akaenda naye mpaka kwenye mashine, akainama na kuangalia, hapo madaftari yote mawili yatakuwa yamefunguliwa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo lile swali tulilolianza linapaswa kuulizwa upya. Tusiulize tuzalishe au tutunze mazingira. Tuulize: katika kila lita ya mafuta, kila kilo ya madini na kila saa ya jasho la mfanyakazi inayoingia kiwandani mwetu, ni kiasi gani kinatoka kikiwa kitu cha kumfaa binadamu, na kiasi gani kinatoka kikiwa madhara kwake? Mfanyakazi anayeweza kulijibu swali hilo kwa tarakimu, mbele ya mashine yake, ameiweka sayansi mikononi mwake. Jukumu letu sisi tunaofundisha ni kuhakikisha kwamba idadi ya wafanyakazi wa namna hiyo inaongezeka.